Benki Ilitaka Tarehe

Benki niijuayo mimi ina mlango wa kioo, askari mwenye rungu na foleni. Unaingia na kitambulisho chako, unangoja, unaitwa, unatoka. Benki anayofanyia kazi mjukuu wangu huko Nairobi haina hata kimoja katika hivyo. Hakuna anayeweka wala anayetoa. Siku aliyoajiriwa nilimwuliza, "Sasa nyinyi mwafanya nini humo?" Akaniambia, "Bibi, mtu akitaka kuuza kampuni yake, sisi ndio tunaomtafutia mnunuzi na kumpangia mambo." Nikamwambia, hilo kwetu laitwa udalali. Akacheka, akasema ni udalali wenye kiyoyozi. Babu yake naye akacheka. Wakati huo alikuwa yu hai, na sote tukiiona kazi ile kuwa ni neema tupu.

Nayaandika haya kwa mkono wangu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini chuo cha Kurani nilihitimu, na kuandika naweza. Nayaandika kwa sababu kila mzazi nimwonaye siku hizi amwombea mwanawe apate kazi kama ile. Mimi nimekaa na kazi ile chumba kimoja, eda nzima. Naijua kuliko wanaoiombea.

Mzee wangu alifariki siku mwezi ulipoandama, hapa hapa Malindi, katika nyumba hii ya mji wa kale. Tukamzika alasiri, nami nikaingia edani. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, na miezi yenyewe ni ya mwandamo, si ya kalenda ya ukutani. Havai vya kupendeza, hajitii manukato, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Wako wasomi wasemao mambo kwa ulaini zaidi. Na waseme. Mimi nilikaa kama alivyokaa mama yangu.

Eda ikiisha, mjane huogeshwa. Katika ukoo wetu huogeshwa na mwanamke wa damu yake, baada ya sala ya alfajiri na kabla jua halijachomoza. Akishaoga huvishwa leso mpya, akatoka uani wanawake wenziwe wamwone, na zile nguo za eda zikatolewa sadaka. Mama yangu nilimwogesha mimi. Mimi nami nilikuwa na binti mmoja, akatangulia mbele ya haki, akaniachia huyu mjukuu hajamaliza hata kuota meno. Kwa hivyo wa kuniogesha ni yeye, hapakuwa na mwengine. Matanga yalipoanuliwa alinishika mkono, akasema, "Bibi, nitakaa nawe eda yote. Na siku ya kutoka nitakuogesha mwenyewe. Benki wameniruhusu nifanyie kazi huku."

Nilifurahi hata sikuuliza ni kwa nini wameruhusu.

Akatia meza yake chumbani mwangu, maana ndimo waifai iliposhika vizuri. Nyuma ya kiti akatundika leso kuukuu, ili wenzake wamwonao kwenye kompyuta wasikione kitanda changu na mimi juu yake. Akanipa sheria moja: kile kitaa kidogo juu ya kompyuta kikiwaka, nisipite upande ule.

Basi nikakaa nikaitazama kazi. Nilikuwa na nafasi ya kuitazama, mjane hana pa kwenda. Nilidhani nitaona mambo makubwa. Niliona visanduku. Kutwa kucha mjukuu wangu achora visanduku, ndani ya visanduku tarakimu, na kando yake mistari ya buluu. Akimaliza humpelekea mkubwa wake. Mkubwa humrudishia, mstari huu wa buluu ukoze zaidi. Akishaukoza, mkubwa wa yule mkubwa huuliza ni nani aliyewaambia muubadilishe mstari wa buluu. Akaurudisha ulivyokuwa. Nikamwuliza, "Huyo mnunuzi anunua kampuni ama anunua mstari?"

"Bibi, wakiona mstari umekwenda kombo, watasema na hesabu zimekwenda kombo."

Aliyasema kwa uso mkavu, kama mtu asomaye aya. Hapo nikajua ameshakuwa wa kwao.

Watu wadhani kazi mbaya ni ya matusi. Hao hawakumtukana hata siku moja, na laiti wangemtukana, ningejua la kusema. Maneno yao ni asali. Tafadhali. Ukipata nafasi. Samahani kukusumbua. Kisha hiyo nafasi yenyewe yatakiwa iwe imepatikana kabla hujalala, na ukishalala yaja nyengine. Alishikwa na homa, akatetemeka hapo kwenye kiti na blanketi langu mabegani. Mkubwa wake akamwambia, nami nasikia, "Pole sana, tafadhali pumzika kabisa. Ukishanitumia zile kurasa, pumzika." Na yeye akajibu, "Asante sana." Asante ya nini? Wali wa nazi nikimpakulia hupoa hadi tui likaganda juu. Alikuwa mtoto wa kucheka, ukimsikia toka barazani. Katika chumba kile nilimsikia akicheka kile kicheko cha kompyuta tu, kifupi, kikikatwa pale pale kitaa kikizimwa.

Nilimwambia aiache. Nilimwambia mara nyingi, tena kwa ukali.

"Nikiiacha, Bibi, kuna watu wamejaa mlangoni wakitaka kiti changu."

"Na wakikae! Kiti chenyewe chakutoa mgongo."

Wifi yangu, dada yake marehemu, ndiye aliyekuwa akija kila siku kunipikia na kunisemea. Mwanamke yule Mungu hakumpa breki ya ulimi. Akiingia humkuta mtoto ameinamia kompyuta, husimama mlangoni na kapu lake la mboga, akasema, "Nyumba hii ina wake wawili wa eda. Mmoja kafiwa na mume, mmoja sijui kafiwa na nani."

Siku moja nilisahau ile sheria ya kitaa. Nilikuwa nampelekea chai ya tangawizi, nikapita mbele ya leso, mara nasikia sauti nene ya mwanamume, "Shikamoo, bibi! Pole kwa msiba!" Nikatazama, nikaona vichwa vya wanaume, kila kimoja na kidirisha chake, vyanitazama. Nikajifunika kwa ncha ya mtandio, nikarudi kinyumenyume, chai ikamwagika yote. Nilikasirika. Miezi yote ile nimejifungia, hata muuza maji namjibu nikiwa nyuma ya pazia, kisha benki nzima yaniona na nguo za eda.

Wifi yangu akacheka hadi akakaa chini. "Nani aliyekuona? Yule mnene? Basi akupose!"

"Nyamaza wewe."

"Kwani uongo? Akiwa na gari nami nitashuhudia."

Mjukuu naye akacheka, kicheko chake kile cha zamani, na mimi nikajikaza nisicheke. Nikakumbuka kwamba babu yake angeipenda ile. Haikudumu. Kitaa kikawaka tena.

Ilikuwa siku ile ile, alasiri, nilipojua ni kwa nini wamemruhusu akae Malindi. Mkubwa wake alikuwa akiongea naye, na kompyuta husema kwa sauti, huwezi kusema nadukiza. Akasema, "Ni bahati njema kwamba uko huko tayari. Kesho nenda Bofa, uitazame ile hoteli kabla wanunuzi hawajaja." Kumbe walichokuwa wakiuza ni hoteli, na hoteli yenyewe iko pwani ya Bofa, kule Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwetu. Msiba wetu uliwaangukia mahali pazuri. Hawakumpa mtoto ruhusa ya kumliwaza bibi yake. Walipata mtu karibu na mzigo wao, tena bila kulipa malazi.

Nilimwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa umefurahi, Bibi."

Nilijiambia, kwa sababu yoyote ile, yupo. Mtoto yupo, na siku ya kutoka ataniogesha. Hilo ndilo nililolishika, kama mtu ashikavyo tasbihi.

Eda ilipokaribia kwisha, benki wakataka tarehe. Walitaka kupanga siku ya kutia sahihi kule Bofa, waje wenye hoteli, waje wanunuzi kutoka ng'ambo, na yeye aliwaomba siku moja tu isiguswe. Mkubwa akamwuliza siku gani. Akamwambia yategemea mwezi kuandama, huenda ikawa Jumatano, huenda Alhamisi. Mkubwa akajibu, kwa ile asali yao, "Nakuelewa kabisa. Lakini nipe tarehe moja."

Akawapa Jumatano.

Hakuwapa kwa kutojua. Huyu mtoto amekulia kwenye nyumba hii, kila Ramadhani amepanda darini na babu yake kuutafuta mwezi, ajua kwamba mwezi hauna ahadi na mtu. Lakini huko kwao ukisema "hii ama ile" huambiwa hujajipanga. Mtu mzima mwenye shahada mbili akaona haya kusema hajui siku, akaitaja siku. Nao, niseme haki yao, wakaiheshimu. Mkubwa akasema, "Basi Jumatano ni yako. Sahihi tutatia Alhamisi." Wakakata tiketi.

Siku ya kutazama mwezi ilikuwa Jumamosi. Ukiandama, ile miezi minne imetimia, zabaki siku kumi, na kutoka kwangu ni Jumatano ya wiki ya pili. Usipoandama, ni Alhamisi. Mimi sikuweza kutoka, nikakaa chini ya ngazi. Mjukuu akapanda darini jua linatua, na kwa mara ya kwanza tangu aje aliiacha simu chini, juu ya mkeka. Nikasikia nyayo zake huko juu, aenda upande wa msikiti, arudi upande wa bahari, aenda tena. Adhana ya magharibi ikaingia. Wifi yangu akapaza sauti, "We mwana, umeuona ama wautengeneza?"

Aliposhuka nilimwona usoni kabla hajasema.

"Mawingu, Bibi. Haukuonekana. Na redioni pia wamesema haukuonekana."

Tukasali. Baada ya sala akaja akapiga magoti mbele yangu, simu mkononi.

"Bibi, kuna waliouona nchi nyengine. Kuna watu hapa hapa Malindi wafuatao wao, wataanza kuhesabu kesho."

"Na wahesabu."

"Kwa hesabu yao, wewe ungetoka Jumatano."

"Kwani aliyekufa ni mume wao?"

"Bibi, nakuomba."

"Mume wangu alikufa kwa mwezi ulioonekana hapa. Nimekaa kwa mwezi wa hapa. Nitatoka kwa mwezi wa hapa."

Wifi yangu akaingilia, na mara hii hakuwa na mzaha. "Wajitia ugumu bure. Mtoto kakaa nawe muda wote huo. Siku moja ina nini?"

"Mwulizeni huyo mkubwa wake siku moja ina nini," nikasema. "Mwambieni aiahirishe hoteli yake mpaka Ijumaa. Akisema siku moja si kitu, nami nitasema si kitu."

Akampigia. Pale pale, sauti wazi, sote tunasikia. Akaeleza vizuri, kwa adabu, bila kulia. Yule mtu alivuta pumzi, akasema pole sana, tena pole sana, lakini watu wameshakata tiketi, wengine kutoka ng'ambo. "Na Jumatano tulikupa, si ndiyo? Ichukue Jumatano yako. Kaa na bibi siku nzima. Siku ni siku."

Siku ni siku. Nimeolewa mimi, nimezaa, nimezika mwana, nimezika mume. Sijawahi kusikia neno la kipumbavu kama lile kutoka kwa mtu aliyesoma.

Jumatano tuliyopewa na benki ilifika, tukakaa tukatazamana. Hatukuwa na la kuifanyia. Alinionyesha leso aliyonunua, doti nzima, nyekundu na nyeupe, bado ina ule ugumu wa dukani. Alikuwa ameikata na kuipinda mwenyewe. Akanifunika nayo magotini tuone rangi, nami nikaitoa haraka, eda haijaisha. Akaikunja, akaitia katika mkoba wake wa kompyuta isichafuke. Hata hiyo Jumatano haikufika adhuhuri. Simu ikalia, kurasa zimebadilika, tafadhali, ukipata nafasi, njoo Bofa leo.

"Nitalala huko," akasema, amesimama mlangoni na mkoba begani. "Lakini alfajiri nitakuwa hapa. Nimeshakubaliana na dereva. Nitakuogesha, kisha nirudi kwao. Wallahi, Bibi."

"Usiape."

"Nitakuja."

Alfajiri ya Alhamisi wifi yangu alikuja na asumini na chupa ya marashi ya waridi. Akachemsha maji, akayazimua, akatia asumini katika karai. Wanawake wa mtaani wakaingia mmoja mmoja, wakakaa uani wakizungumza kwa sauti za chini. Nikasali. Nikakaa kwenye kigoda cha bafuni na nguo zangu za eda, mlango wazi kidogo, nasikiliza njia. Tuktuk ikapita, haikusimama. Nyengine ikapita. Maji yakapoa, wifi yangu akaongeza ya moto. Mbingu ikaanza kupauka.

Simu ya wifi yangu ikalia. Akaniwekea sikioni.

"Bibi, bado hawajaniachilia. Nusu saa tu, kisha naanza safari. Nakuomba mningojee."

Wifi yangu akanitazama. Ningeweza kungoja, najua. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimekataa kuisogeza siku kwa ajili ya benki, na sasa nisogeze jua? Nikamwambia wifi yangu, "Bismillahi. Nimwagie."

Wifi yangu ana mkono mzito. Alinisugua kama asuguaye sufuria ya pilau ya harusi, na huku machozi yanamtoka, maana alikuwa anamwaga eda ya kaka yake. Nami nilifumba macho. Mkono niliokuwa nimeungoja miezi minne na siku kumi haukuwa ule. Alipomaliza akauliza, "Leso iko wapi?" Wakatafuta kitandani, kabatini, juu ya meza ya visanduku. Ndipo nikakumbuka ule mkoba. Leso yangu ilikuwa Bofa. Wifi yangu akafungua yake ya kiunoni, aliyokuwa ameifunga tangu jikoni, akanifunga. Nikatoka edani na leso inayonuka vitunguu. Wanawake wakapiga vigelegele. Jua likachomoza.

Alikuja alasiri. Ameshuka kwenye gari la hoteli, shati jeupe, viatu virefu, ananukia sabuni nisiyoijua. Alinikuta uani, nimekaa na kitana. Akasimama. Aliiona ile leso ya wifi yangu, akajua.

"Sahihi zimetiwa?" nikamwuliza.

"Zimetiwa. Baada ya adhuhuri."

"Asubuhi ile naoga, ulikuwa wafanya nini?"

Mtoto huyu hajui kunidanganya. "Nilikuwa nimekaa, Bibi. Sote tulikuwa tumekaa. Kuna mtu mmoja ndege yake ilichelewa, tukawa twamngoja. Lakini wangeweza kunihitaji wakati wowote."

"Ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa."

Wifi yangu alikuwa akichambua mchele pale kando. Aliacha kuchambua.

Akalia basi, akaniwekea kichwa magotini, na mimi nikamshika kichwa, sikumsukuma. Ni damu yangu. Akasema kupitia kilio, "Wamesema watanipa siku mbili badala ya hii. Nichague nizitakazo." Alikuwa amezileta kama zawadi. Nikamwambia eda haiogwi mara mbili. Nikamwambia, tena kwa upole, maana nilikuwa nimechoka, "Imebaki mara moja tu ya mtu kuniosha. Na hiyo haina Jumatano wala Alhamisi. Nikifa asubuhi, alasiri nimezikwa. Watu wetu hawangoji ndege. Kwa hivyo nimemwambia wifi yangu aniandalie maji yeye."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nimeshamwambia."

Akamtazama wifi yangu, kama mtu atafutaye mzaha wa kumwokoa. Wifi yangu, ambaye hajakosa neno maisha yake yote, aliurudia mchele wake. "Nimekubali," akasema. "Nawe ukiwahi, utanimiminia."

Jumamosi akarudi Nairobi. Alikunja nyaya zake, akaishusha ile leso kuukuu ya nyuma ya kiti, akaifua, akaianika kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia amepandishwa cheo, kwa ajili ya ile hoteli. Nikamwombea dua. Nyuma yake nilisikia mtu amwita, kwa adabu kubwa.

Ile leso nyekundu na nyeupe aliiacha kitandani kwangu. Sijaivaa. Nimeitia ndani ya sanduku, chini kabisa, pamoja na sanda, siku ya kuoshwa nisitiriwe nayo, na wifi yangu nimemwonyesha ilipo.